Usiichukue Baiskeli ya Mama Yako

Tabora, Ijumaa alasiri

Mwanangu Kalunde,

Umetoka kwenda Ipuli kuwaaga shangazi zako, na mama yako yuko jikoni anakukaangia karanga za safari. Nami nimejitafutia nafasi hapa barazani niandike kabla hujarudi, maana ukiwa mbele yangu maneno haya hayatatoka. Mambo ya kawaida sitayaandika. Chandarua umekifunga, dawa unazijua kuliko mimi, na adabu ya kuingia nyumba za watu ulifundishwa zamani. Nakuandikia kwa ajili ya jambo moja tu.

Leo mchana uliitoa baiskeli ya mama yako chumba cha nyuma. Ukaigeuza magurudumu juu, ukapaka mnyororo mafuta, ukasema, "Baba, kazi yangu ya ukunga nitaifanya kwa baiskeli hii hii ya mama." Uliona nimenyamaza ukadhani nimefurahi. Ni kweli nilifurahi. Lakini nilipokuona umeipanda, magoti yako yanakaribia kugonga usukani, nilitaka kukuambia ushuke, nikashindwa, kwa sababu mama yako alikuwa amesimama mlangoni anakutazama.

Mwanangu, naomba usiichukue. Nitakuambia kwa nini, na ili nikuambie vizuri ni lazima nianze na namna ilivyopatikana. Mama yako hajakusimulia, najua. Ukimwuliza atasema hayo ni mambo ya zamani, kisha atakutuma ukachote maji.

Wakati ule sikuwa nimeoa. Nilikuwa fundi katika duka la Bwana Seif, yule mzee Mwarabu wa karibu na soko aliyekuwa akikupa halua ulipokuwa mdogo. Babu zake walifika hapa na misafara, na yeye alikuwa akizungumza Kinyamwezi kama mtu wa Goweko. Baiskeli zilikuja kwa treni kutoka Dar es Salaam, vipande vipande ndani ya makasha ya mbao, na mimi ndiye niliyeziunga. Siku zile mtu akiuza asali au tumbaku yake, anakuja mjini anataka baiskeli ndefu kuliko zote. Urefu ndio uliokuwa heshima. Yangu mimi ilikuwa ndefu hata nikawa naipanda kwa kukimbia na kuirukia, na wakati wa kushuka natafuta kisiki cha kuwekea mguu. Nikipita mtaani nilijiona kama liwali.

Asubuhi moja akaingia msichana mfupi, viatu vya turubai vyeupe, kovu bichi kidevuni. Kovu hilo unalijua. Alipiga goti kidogo, akamwamkia Bwana Seif shikamoo.

"Marahaba, binti. Nikusaidie nini?"

"Nimetoka hospitali ya misheni, Sikonge. Mimi ni mkunga wa vijijini. Nimeruhusiwa nije nichague baiskeli."

"Ya mumeo, au ya kaka yako?"

"Ni ya miguu yangu, Bwana."

Bwana Seif alicheka mpaka akaweka kikombe cha kahawa chini. "Kapela!" akaniita. "Mletee binti baiskeli."

Nikamletea iliyo ndefu na nzito kuliko zote, niliyokuwa nimeisugua mpaka inang'aa. Hakuigusa hata kengele. Alisimama tu na kutanua miguu juu ya bomba la kati, akanyanyuka kwa vidole, akashuka, akasema, "Hii itaniangusha." Nikamletea ya kike, ile yenye bomba lililopinda, nyepesi, imechorwa maua. Hiyo aliizunguka kwa muda. Akaibonyeza tairi kwa dole gumba, akaitikisa keria nayo ikacheza. "Ni nzuri ya kwendea kanisani hapa mjini," akasema. "Mimi nitabeba watu."

"Watu?" nikauliza.

"Mjamzito akishindwa kutembea, unafikiri nitamwacha wapi?"

Nikaanza kuchoka, nikiri. Akachungulia ndani mwenyewe, akaona baiskeli moja nyuma ya magunia. Ilikuwa ya kiume, nyeusi tupu, fremu fupi, tairi nene. Ilikaa dukani muda mrefu kwa sababu wanaume waliiita ya mtoto. "Ile je?" Nikaitoa huku natabasamu. Aliipanda, nyayo zake zote mbili zikakaa chini, na kati yake na bomba pakabaki nafasi kidogo.

Hapo ndipo nilipoanza kumtazama vizuri. Aliweka kiwiko kwenye pua ya tandiko, akanyoosha mkono, ncha za vidole zikagusa usukani. Akaniambia nimshikilie, akakaa, akaweka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, aone kama mguu unanyooka. Haukunyooka. Akaniambia nipandishe tandiko. Nikapandisha. "Kidogo tena." Nikapandisha. Kisha akaingiza vidole viwili kati ya tairi na madigadi ya kuzuia tope, akauliza, "Udongo wa mbuga unaonata utapita hapa?" Hakuna mteja aliyewahi kuniuliza swali hilo, Kalunde. Kwenye zile baiskeli nyingine kidole kimoja kilipita kwa shida. Kwenye hii viwili vilipita.

"Nani amekufundisha haya?" nikamwuliza.

Akagusa kidevu chake. "Nilijifunza kwa baiskeli ya mwinjilisti wetu. Ilikuwa ndefu kama hiyo unayoisifu. Ilinitupa kwenye makorongo mpaka nikaanza kujiuliza kosa ni langu au la baiskeli. Basi nikawa najipima."

Halafu akasema hanunui kabla ya kuijaribu kwenye mchanga. Akaomba gunia la mchele lifungwe nyuma. Bwana Seif, ambaye hakumruhusu hata mpwa wake kuzigusa baiskeli mpya, akasema, "Mfungie." Tukaenda njia ya Ipuli, yeye juu, mimi nakimbia nyuma. Kwenye mchanga gurudumu likazama, baiskeli ikalala upande. Nikadhani anaanguka, lakini alishusha mguu chini tu, akaisimamisha, akaendelea. Wapita njia wakasimama. Mwanamke mmoja akaguna, "Msichana gani huyo anapanda ya kiume?" Mama yako akamwamkia kwa heshima zote na kupita.

Gauni halikumfaa kwa fremu ile, kwa hiyo akashona sketi pana iliyogawanyika katikati kama suruali. Nasikia kule kanisani yalisemwa mengi. Wazee walipomwita alikwenda, akasikiliza, akaaga, na kesho yake akaipanda vilevile.

Sikumwona tena mpaka masika.

Shangazi yako Mwashi alikuwa ameolewa na mrina asali, Mihayo, katika kijiji kilicho ndani ya miombo, mbele ya Sikonge. Mama yetu alinituma nimpelekee nguo na unga kwa kuwa siku zake za kujifungua zilikuwa zimekaribia. Nilikwenda na baiskeli yangu ndefu. Daraja lilikuwa limechukuliwa na maji, malori yamekwama huku na huku, na sehemu nyingine niliibeba baiskeli badala ya yenyewe kunibeba mimi. Nilipofika nikakuta Mwashi ameshikwa na uchungu tangu siku iliyopita, na mtoto hatoki. Mihayo alikuwa amekwenda mbio kumwita mkunga.

Wakarudi pamoja asubuhi. Mkunga alikuwa amelowa mpaka kiunoni, baiskeli nyeusi begani. Ndipo nikamtambua. Yeye hakunitazama. Alinawa, akaingia, akakaa na Mwashi kwa muda, kisha akatoka na kuzungumza nasi taratibu.

"Mtoto amelala upande. Nimejaribu kumgeuza, amekataa. Hapa sina la kufanya. Afike hospitali leo."

Mihayo akasema tutafute machela. Lakini wanaume wa kijiji walikuwa msituni kwenye mizinga, na mvua imewafungia huko. Wanaume tulikuwa wawili tu, na njia ile ni ndefu. Nikasema, "Tumpakie kwenye baiskeli yangu. Ni imara kuliko zote."

Mama yako akaigeukia. "Ikalie uone," akasema. "Bila kukimbia."

Nikakaa. Vidole vya mguu mmoja ndivyo vilivyogusa ardhi.

"Imara ni imara," akasema. "Lakini ukisimama ghafla utamwangusha dada yako." Hakusema kwa kunidharau. Alisema kama mtu anayechagua jembe. Akatoa spana kwenye mkoba wake, akalishusha tandiko la baiskeli yake mpaka chini kabisa, akapunguza upepo kwenye tairi, akakunja blanketi juu ya keria. Madigadi alikwishayafungua zamani, mwanzo wa mvua. Tulimkalisha Mwashi nyuma, na mama yako akamfunga kwenye mgongo wake mwenyewe kwa kanga mbili, kama mtu anavyombeba mtoto.

Hivyo ndivyo tulivyotoka. Mihayo alishika nyuma, mimi nikatangulia kutafuta ardhi ngumu. Mama yako alikaa kwenye tandiko na nyayo zote mbili chini, anasukuma ardhi kwa miguu kwenye utelezi, na palipokuwa pagumu anakanyaga pedali. Uchungu ukimjia Mwashi, anasimama. Baiskeli haitikisiki. Ukipita, tunaendelea. Njia ile ni ileile waliyopita wapagazi. Babu yako aliipita na pembe ya tembo begani mpaka pwani, na alipokuwa akisimulia alikuwa akisema mtu hajui nguvu zake mpaka abebe kitu asichoweza kukitua. Siku ile nilimwona mtu wa namna hiyo.

Kwenye mbuga Mwashi alianza kulia. "Dada, nitueni hapa. Nifie hapa."

"Situi," mama yako akasema. "Unaitwa nani nyumbani kwenu?"

"Mwashi."

"Mwashi, huyu anayetutangulia ni nani wako?"

"Kaka yangu."

"Mwimbishe. Anatembea kama aliyefiwa."

Basi Mwashi, katika maumivu yale, akacheka, na mimi nikaimba. Unajua sauti yangu ilivyo. Niliimba zile nyimbo za kulima mpaka koo likakauka.

Mahali palipo na mfuo wa magurudumu ya malori uliojaa maji, gurudumu la mbele liliteleza likaingia ndani. Baiskeli ikalala ghafla na Mihayo akaachiwa mikono mitupu. Nilifumba macho. Nilipofumbua nikawaona wamesimama, mama yako ametanua miguu ndani ya tope, mishipa ya shingo imemtoka, dada yangu amelala mgongoni mwake. Hawakuanguka. "Tupo," akasema. "Vuta mbele, Kapela." Sikujua hata kama alikuwa analikumbuka jina langu.

Tulifika hospitali jua likiwa bado halijazama. Mganga akampokea Mwashi, wakamfanyia upasuaji. Tulikaa nje mimi na Mihayo, tukikwangua tope miguuni. Baadaye mama yako akatoka, amevua viatu, akamwambia Mihayo, "Una mtoto wa kiume. Mama yake anauliza kama ule mzinga wa mtoni umeurina." Mihayo akaketi chini palepale, akalia. Mtoto yule ni Luka, binamu yako, atakayekuja kesho kupakia sanduku lako kwenye lori.

Nilimtafuta mama yako nimshukuru nikaambiwa amelala kwenye benchi. Sikuwa na la kumpa. Nikaichukua baiskeli yake nikaiosha, nikanyoosha spoki zilizopinda, nikapaka mafuta, na nikarudisha tandiko mahali nilipokumbuka siku ile dukani. Alipoamka akaikagua yote kwa utulivu. Akaweka kisigino kwenye pedali.

"Umekumbuka kimo changu," akasema.

Hayo mengine unaweza kuyamalizia mwenyewe, maana uko hapa duniani.

Nilirudi Tabora nikaiuza ile baiskeli yangu ndefu, nikachukua inayonitosha. Wenzangu walinicheka sokoni. Na tangu hapo, mteja akija dukani sikumwuliza tena ana fedha kiasi gani bali anakwenda wapi, anabeba nini, njia yake ni mchanga au mbuga. Wengine walikasirika wakaenda duka jingine. Wengi walirudi kunishukuru, wengine kwa asali.

Mama yako aliendelea na kazi. Wakati wa vita ya pili ya dunia, tairi zilipokosekana, nilimwona akijaza majani makavu ndani ya tairi na kuyashindilia kwa kijiti, kisha akapanda kwenda kuzalisha. Wewe ulikuwa umeshazaliwa, umefungwa mgongoni mwake. Nilimwambia apumzike angalau kipindi hicho, akaniuliza kama wanawake wamepumzika kuzaa. Nikaenda kumkatia majani mengine.

Sasa unaelewa kwa nini leo mchana nilinyamaza. Kuna nini katika nyumba hii ninachokiheshimu kuliko baiskeli ile? Lakini, Kalunde, ilimfaa mama yako kwa sababu aliichagua yeye, kwa miguu yake na njia zake. Wewe umerithi miguu ya ukoo wangu. Ukiipanda ile, hata tandiko likipandishwa mpaka mwisho, goti halitanyooka. Utavumilia mwezi wa kwanza kwa ajili ya mapenzi, wa pili kwa ajili ya aibu, kisha magoti yatakuuma usiku, na siku mtu atakapokuja mbio kukuita utaichukia njia kabla hujatoka mlangoni. Nimewaona wengi wakiacha kupanda wakidhani wamekosa nguvu, kumbe walipanda baiskeli ya mtu mwingine.

Kesho asubuhi duka litafunguliwa mapema. Mtoto wa Bwana Seif nimeshasema naye. Atazipanga nje, ndefu na fupi, uzijaribu zote kadiri utakavyo. Bomba lisikuguse unaposimama. Kisigino na kiwiko umeona vinavyofanya kazi. Breki ijaribu ikiwa imemwagiwa maji, si ikiwa kavu. Uombe gunia lifungwe nyuma, na usione haya wakikutazama. Nitakuwepo, lakini sitachagua. Ukinitazama usoni ili ujue ninayoipenda, nitageuka nitazame ng'ambo ya barabara.

Ninaogopa kukuachia, sikufichi. Kuna mito, kuna simba pande zile za msituni, kuna nyumba utakazoingia ukiwa umechelewa. Mama yako aliwahi kuchelewa, na alirudi akakaa uani bila kula, na keshoye akapanda tena. Siku hizo nilikuwa naangalia upepo wa tairi zake tu. Pengine wewe nawe utapata mtu wa namna hiyo, na pengine hutampata, lakini ukirudi hapa nyumbani utanikuta, na pampu ninayo.

Nimesita kidogo hapa. Mama yako ametoka jikoni ameniuliza ninaandika nini kirefu hivi, nami nikamsomea yote tangu mwanzo. Amesikiliza akiwa amesimama, ungo mkononi. Nilipomaliza amesema gunia lile halikuwa la mchele, lilikuwa la chumvi, na kwamba mimi niliimba vibaya kuliko nilivyoandika. Nikamwuliza kuhusu baiskeli, kama ataumia ukiiacha.

Ameshangaa. "Kwani nilimpa?" amesema. "Aliichukua mwenyewe akaipaka mafuta. Nilikuwa nangoja amalize anirudishie. Jumapili nina mgonjwa wa kumtazama Ipuli."

Kwa hiyo jambo hilo limekwisha, mwanangu, na mimi nimepoteza wino wangu bure.

Ameongeza neno moja nikuandikie. Lori la Luka linapakia nje ya mji, kwenye barabara ya Sikonge, na utakwenda mpaka huko kwa baiskeli yako mpya. Mama yako atakusindikiza kwa yake. Nimemkumbusha goti lake linalomuuma siku hizi, naye ameniomba pampu. Basi nakuomba, ukifika kwenye mchanga usimsubiri kwa kumwonea huruma. Atakupita.

Ni mimi baba yako, ninayejivunia kukuona ukiondoka,

Kapela